Kamera ndogo isiyo na kioo: inasaidia wapi, inasumbua wapi?

Kwenye arusi, ubatizo ao sherehe ya diplome, wateja wengi wakiona kamera kubwa wanaamini picha itakuwa nzuri. Lakini kamera ndogo zisizo na kioo ndani zinaleta mabishano kati ya wapiga picha: ni za kazi, ao za kuchezea tu? Kwa kijana aliyeweka akiba miezi mingi, kukosea kuchagua ni kupoteza feza na wateja.

Tofauti iko ndani. Kamera yenye kioo inapeleka mwanga juu, kwenye kidirisha ambamo mpiga picha anachungulia. Akibonyeza, kioo kinapanda na mwanga unafika kwenye kapteri, ndiyo sehemu inayotengeneza picha. Kamera isiyo na kioo inaachia mwanga ufike moja kwa moja kwenye kapteri, na mtu anaona picha kwenye ekrani.

Mfano ni Sony a6000, iliyotoka mwaka 2014. Pamoja na batri, iko na uzito wa gramu 344. Canon EOS 600D ya mwaka 2011, yenye kioo, inafika gramu 570. Lakini kapteri zao zinakaribiana kwa ukubwa: ya Sony iko na megapikseli 24, ya Canon 18. Kwa hiyo kamera kuwa ndogo haimaanishi picha mbaya. Tena Sony inaweza kupiga hadi picha 11 kwa segonde moja, jambo linalosaidia sana kwenye mupira ao ngoma.

Usumbufu wa kwanza ni batri. Kapteri na ekrani vinakula umeme kila wakati kamera inawaka, hata kama hakuna picha inayopigwa. Batri moja ya a6000 inahesabiwa picha 360 hivi. Arusi inayoanza asubuhi kanisani na kuisha usiku inaweza kuzimaliza zote, na pale umeme unakatika mara kwa mara, afazali kuwa na batri tatu. Zuri ni kwamba inachajiwa kwa kamba ya USB, kwa hiyo hata sola ndogo inaweza kusaidia.

Ya pili ni sauti. Kamera hiyo haina tundu la kuchomeka mikro. 600D iko nalo. Mwenye kufanya video za mahojiano atalazimika kurekodi sauti pembeni, kisha kuiunganisha na picha.

Ya tatu ni vumbi. Ukiondoa objektifu, kapteri inabaki wazi, bila kioo mbele yake. Kwa mji kama Goma, wenye vumbi ya volkano, ni vizuri kubadilisha objektifu ndani ya nyumba, kamera ikiwa imezimwa na ikiangalia chini.

Kwa hiyo mwenye kupiga picha za sherehe ao mupira anaweza kuichukua, akiweka bei ya batri katika hesabu. Mwenye kutegemea video na maneno atafute kamera yenye tundu la mikro.

Na kama ni ya okazyo, mbele ya kulipa apige picha ya ukuta mweupe kwenye f/16, kisha aikuze kwenye ekrani. Vidoa vyeusi vinaonyesha vumbi kwenye kapteri: hapo bei ishuke, ao aiache.