Kwa Nini Fomu ya Mtandaoni Hujifunga

Mwananchi anayejaza maombi ya leseni ya biashara mtandaoni, akiinuka kutafuta cheti cha mlipakodi, huweza kurudi na kukuta mfumo umemtoa. Chanzo ni mipangilio ya seva. Katika seva ya Apache Tomcat, faili la mipangilio ya jumla huelekeza programu zote zimtoe mtumiaji aliyekaa dakika 30 bila kufanya lolote. Hata hivyo, kila programu huweza kuwa na faili lake, na agizo la humo ndilo hufuatwa. Hivyo mafundi huweza kurefusha muda wa fomu ndefu pekee, huku malipo yakibaki na muda mfupi unaowalinda wanaotumia kompyuta za umma. Wananchi wanashauriwa kuandaa nyaraka zote kabla ya kuanza.