"Kipaza Sauti": Neno Moja, Vyombo Viwili

Neno kipaza sauti limezoeleka kutajia vyombo viwili vyenye kazi kinyume: kile kinachosemewa, ambacho hugeuza sauti kuwa umeme, na kile kinachogeuza umeme kuwa sauti. Mkutanoni utata huu haudhuru. Mfasiri wa maelezo ya stirio ya nyumbani, hata hivyo, hana budi kuuondoa.

Tuchukue msikilizaji wa Mji Mkongwe, Unguja, atakaye kuisikia taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, na kupambanua mlio wa ganuni na ule wa udi. Ataelezwa aweke spika mbili, umbali baina yao ulingane na wa kila moja hadi alipoketi. Asizisogeze kwenye pembe za kuta za mawe, besi isije ikavimba. Na nyaya chanya na hasi zisibadilishane nafasi katika spika moja tu, la sivyo besi hufifia. Andika hapo "vipaza sauti", naye huenda akatafuta pa kusemea.

Twapendekeza basi: maikrofoni, kikuza sauti kwa mtambo wa kati, na spika. Wako wanaochelea kuchanganya na kiongozi wa Baraza la Wawakilishi. Ngeli zatosha kuwatenga: Spika amenyamaza, spika imenyamaza.