Je, Wajua? Nyayo za Watoto wa Miaka 21,000 Iliyopita

Je, wajua kwamba ushahidi mzito wa watu wa kale zaidi barani Amerika si mikuki wala mafuvu, bali ni nyayo? Ziko White Sands, jimbo la New Mexico, Marekani, kando ya ziwa lililokauka. Umri wake ni kati ya miaka 21,000 na 23,000, na nyingi ni za watoto na vijana.

• Katika eneo hilohilo kuna nyayo za mtu aliyetembea zaidi ya kilomita moja kwenye utelezi, akiwa amebeba mtoto. Hapa na pale alimtua, na vijiguu vikaacha alama. Alirudi njia ileile bila mtoto. Kabla hajarudi, mamothi, jamaa wa tembo, alikatiza juu ya nyayo zake za kwenda.

• Ushahidi si nyayo tu: huko Monte Verde, kusini mwa Chile, udongo wa kinamasi ulihifadhi mbao za makazi, kamba zenye mafundo, mwani na viazi mwitu vya takriban miaka 14,500 iliyopita.

• Katika mapango ya Paisley, Oregon, kinyesi kilichokauka kimetoa vinasaba vya binadamu wa miaka zaidi ya 14,000 iliyopita.

• Kwa miongo mingi iliaminika kwamba waliotangulia kufika Amerika ni watu wa Clovis, wachonga mikuki wa miaka 13,000 iliyopita. Sasa ni wazi: walikuta bara lenye wenyewe.