Lawama ya Mpiga Chapa na Wajibu wa Mwenye Kazi

Kila mwaka unapokaribia kwisha, viwanda vya kupiga chapa mjini Bujumbura huelemewa na kazi. Mashirika hutaka kalenda, wafanya biashara hutaka vitabu vya risiti, wenye arusi hutaka kadi, na maofisi hutaka taarifa zao za mwaka. Na karibu kila mmoja hutaka kazi yake iwe tayari kesho asubuhi. Katika msongamano huo, mashine ya kupigia chapa ndiyo isikikayo, na ndiyo itazamwayo. Lakini katika chumba cha pembeni wako wafanyakazi ambao, pasipo wao, mashine hiyo haina la kufanya. Hao ndio wanaopokea maandishi na picha za mteja, wakazipanga kurasa, wakazisahihisha na kuzifanyia mabamba. Kwa ufupi waweza kuitwa watayarishaji wa kurasa. Na hao ndio ambao mara nyingi hubeba lawama ya makosa wasiyoyatenda.

Huenda mtu akadhani kwamba jambo hilo ni la mafundi na matajiri wao tu. Sivyo. Karatasi iliyopigwa chapa huaminiwa kuliko neno la mdomo. Mgonjwa husoma kipimo cha dawa katika kikaratasi, mwanafunzi hushika tarehe aliyoikuta kitabuni, na mwananchi hupokea cheti chenye jina lake akijua kwamba atakionyesha maisha yake yote. Tarakimu moja ikihama mahali pake, au herufi moja ikipotea katika jina, madhara humfikia mtu ambaye hakukanyaga kiwandani hata siku moja. Kwa hiyo hali ya kazi ya watayarishaji hao inamhusu kila asomaye.

Upigaji chapa si jambo geni Burundi. Gazeti la Kanisa Katoliki, Ndongozi, lilianza kutolewa kwa Kirundi mwaka 1940. Ubumwe lilifuata mwaka 1971, na Le Renouveau du Burundi mwaka 1978. Katika enzi za herufi za risasi, mpanga herufi alisimama mbele ya visanduku vyake, akaokota herufi moja moja, na kuisoma mistari kinyume kama isomwavyo katika kioo. Baadaye zikaja filamu, ambazo zilikatwa kwa wembe na kubandikwa juu ya meza yenye taa. Mwaka 1985 ilipotoka programu ya PageMaker, kompyuta ndogo zikaanza kuichukua kazi hiyo duniani, na hatimaye chumba cha herufi kikawa chumba cha kompyuta.

Wengi walidhani kwamba kompyuta imeondoa taabu. Kwa kweli imeihamisha. Zamani mteja aliyafahamu mabadiliko ya mstari mmoja kuwa ni kazi ya kufungua risasi iliyokwisha kufungwa, naye alifikiri mara mbili kabla ya kuyaomba. Leo anaziona herufi zikihama upesi katika kioo cha kompyuta, akadhani kwamba kubadili ni bure.

Kubadili si bure, na sababu yake yafaa kuelezwa. Kitabu hakipigwi chapa ukurasa mmoja mmoja. Aghalabu karatasi kubwa hubeba kurasa 16, nane kila upande, kisha hukunjwa na kukatwa. Ili kurasa zifuatane baada ya kukunjwa, upande mmoja hubeba ukurasa wa 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16, na upande wa pili hubeba zile zilizobaki, baadhi zikiwa zimelazwa kichwa chini. Kila upande huhitaji bamba lake. Kitabu cha kurasa 160 chenye wino mweusi peke yake huhitaji karatasi 10 za namna hiyo, yaani mabamba 20. Kikiwa cha rangi kamili, kila upande huhitaji mabamba manne, na jumla huwa mabamba 80.

Basi na afikiriwe mteja aletaye aya mpya ya mistari mitano, itiwe katika ukurasa wa 9, wakati mabamba yamekwisha kutengenezwa. Mistari hiyo huisukuma ile ya chini yake mpaka ukurasa wa 10, nayo ya ukurasa wa 10 huisukuma ya ukurasa wa 11, hivyo hivyo mpaka mwisho wa sura. Mabamba yaliyoguswa na mabadiliko hayo hayafai tena. Hutupwa, yakatengenezwa mengine. Kosa likigunduliwa katika kioo cha kompyuta, hugharimu dakika chache. Likigunduliwa katika bamba, hugharimu bamba. Likigunduliwa baada ya mashine kwisha kupita, hugharimu karatasi, wino, umeme na usiku mzima wa watu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Udhia wa pili ni wa picha na rangi. Picha ipendezayo katika simu si lazima ipendeze katika karatasi. Uchapaji mzuri huhitaji nukta zipatazo 300 katika kila inchi. Picha yenye upana wa nukta 600 yatosha kwa inchi mbili, yaani sentimeta tano hivi. Mteja akitaka picha hiyo hiyo ienee katika bango la upana wa sentimeta 50, zitabaki nukta 30 tu kwa inchi, na uso wa mtu utaonekana kama ukuta wa matofali. Hata hivyo, picha nyingi hufika kiwandani zikiwa zimetumwa kwa simu, zikapunguzwa njiani, na mtayarishaji akaambiwa azisafishe, kana kwamba yaweza kurudishwa yaliyokwisha kupotea.

Rangi nazo zina sheria yake. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu; mashine hutengeneza rangi kwa wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi. Mwanga na wino si kitu kimoja. Iko kijani ing'aayo katika kioo ambayo wino huo wa aina nne hauwezi kuifikia, hata fundi awe hodari namna gani. Mteja aliyeonyeshwa kazi yake katika kompyuta peke yake, asionyeshwe karatasi ya mfano, hudhani ameibiwa rangi. Na wa kwanza kuulizwa ni mtayarishaji.

Udhia wa tatu ni wa lugha, nao una uzito wa pekee mjini Bujumbura. Sheria ya mwaka 2014 ilikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili ni lugha ya kila siku katika mitaa kama Buyenzi na katika biashara ya mji. Mtayarishaji mmoja aweza kukutana na lugha hizo nne kabla ya saa sita mchana. Lakini programu anazozitumia zilitungwa kwanza kwa ajili ya lugha za Ulaya. Mstari ukijaa, programu iliyowekwa katika Kifaransa hukata neno kati ya konsonanti mbili, ikaandika "nyum-ba" na "Burun-di". Silabi za Kiswahili na za Kirundi kwa kawaida huishia kwa irabu, na mkato ulio sawa ni "nyu-mba" na "Buru-ndi". Vile vile programu hiyo hupiga mstari mwekundu chini ya maneno ya Kirundi kana kwamba ukurasa mzima ni makosa, na mara nyingine hulibadili neno lililo sahihi likawa neno la Kifaransa linalofanana nalo. Mtayarishaji hulazimika kulinda kila neno kwa macho yake mwenyewe, kazi ambayo hakuna anayeihesabu wala kuilipia.

Juu ya hayo yote kuna wakati. Burundi haina bandari ya bahari, na sehemu kubwa ya shehena yake hupitia Dar es Salaam. Vifaa vinunuliwavyo ng'ambo hufuata bei ya fedha za kigeni. Na mwezi Mei 2023, thamani ya faranga ilipoteremshwa, kila kinachonunuliwa kwa dola kilihitaji faranga nyingi zaidi. Ndiyo maana bamba linaloharibika leo huumiza kuliko lililoharibika zamani, na hasira juu yake ni kubwa zaidi. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, saa zilizopotea hazirudi. Na mteja akichelewa siku tano kuleta maandishi, siku ya kupokea kazi yake haisogei hata kidogo. Siku tano alizozila yeye hulipwa kwa usiku wa mtayarishaji.

Kisa cha kawaida huwa hivi. Ofisi moja imeleta taarifa yake ikiwa imechelewa. Prufu, yaani karatasi ya mfano ya kusahihishwa, imepelekwa kwa mteja. Mteja ana haraka, ameipitia juu juu, akapiga simu, "Sawa, endeleeni." Hakutia sahihi. Nakala 2,000 zimekwisha kupigwa ndipo inapoonekana kwamba jina la mkubwa wa ofisi limekosewa herufi moja. Maandishi ya asili yakitazamwa, kosa linakutwa humo humo, katika mkono wa mteja mwenyewe. Lakini hakuna karatasi yenye sahihi ya kushuhudia, na tajiri wa kiwanda anaogopa kumpoteza mteja. Hivyo mtayarishaji hukemewa mbele ya mgeni, na kazi hurudiwa kwa hasara. Jambo linalomvunja moyo mfanyakazi wa namna hiyo si wingi wa kazi. Ni kujua kwamba kazi ikitoka nzuri itasifiwa mashine, na ikitoka mbaya atatajwa yeye.

Haki yataka isemwe pia kwamba watayarishaji si malaika. Wako wanaopanga kurasa kwa mazoea bila kusoma, wako wanaolitumia faili la jana badala ya la leo, na wako wanaoliona kosa la mteja wakanyamaza kwa kuwa hawakuulizwa. Wenye viwanda nao wanayo sehemu yao, hasa pale mpokeaji wa kazi anapoahidi siku ya kuikamilisha bila kumwuliza yule atakayeifanya.

Dawa ya maradhi haya haihitaji mashine mpya. Maandishi yaletwe yakiwa yamekamilika, na aliyeyaandika ayasome kwanza. Prufu isomwe katika karatasi, si kwa simu, na kila ukurasa utiwe sahihi na tarehe. Pasipo sahihi hiyo, bamba lisitengenezwe. Mabadiliko yanayoletwa baada ya sahihi yalipiwe na aliyeyaleta, na siku ya kukamilisha isogezwe kwa kadiri ya siku zilizochelewa. Mtayarishaji naye apewe ruhusa ya kumwambia mteja ukweli juu ya picha na rangi kabla ya kazi kuanza, na asihesabiwe kuwa mkaidi kwa kufanya hivyo. Sahihi hiyo humlinda mtayarishaji dhidi ya lawama ya bure, humlinda mteja dhidi ya uzembe wa kiwanda, na humlinda tajiri dhidi ya hasara isiyo yake.

Neno la kati katika wito wa taifa la Burundi ni Kazi, likiwa limesimama baina ya Umoja na Maendeleo. Kazi haistawi pale ambapo mmoja hukosea na mwingine akalaumiwa. Ofisi, shirika au familia ipelekayo karatasi zake kiwandani inalo jukumu jepesi lakini la maana: kusoma kabla ya kutia sahihi, na kutia sahihi kabla ya kudai. Dakika 10 za kuisoma prufu kwa makini zaweza kuokoa nakala 2,000, na zaweza kumwokoa mtu mmoja asiadhibiwe kwa kosa la mwenzake.