Chagua Mti kwa Kalenda ya Mvua

Mche uliochanua ndio unaouzika haraka kitaluni. Mnunuzi hufika Januari, akaona bogonvilia imefunikwa na rangi, akabeba miche minne. Mwakani Januari ukuta wake unawaka. Masika yakiingia, anabaki na miiba na majani. Hakuchagua vibaya, ila alichagua mwezi mmoja tu. Ili bustani ipendeze mwaka mzima, ni lazima kujua kila mmea unasubiri nini ndipo utoe maua.

Katika nchi za baridi, mimea husoma urefu wa siku na kushuka kwa joto. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja, na hakuna baridi ya kuua jani. Kinachobadilika sana ni maji: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na vipindi vikavu katikati. Kwa hiyo mimea mingi ya kwetu huongozwa na mvua, au na kukosekana kwake.

Ukame, ambao wengi huudhani adui wa maua, ndio unaoyaleta kwa miti kadhaa. Mkundekunde (Cassia abbreviata) hupukutisha majani, kisha hujaa maua ya njano kabla ya mvua za vuli, ukitumia chakula ulichojiwekea shinani na mizizini. Mwamba-ngoma (Erythrina abyssinica) huchanua mwekundu kwenye matawi makavu, na ndege aina ya chozi huufuata kwa asali ya maua yake. Tawi likiwa tupu, ua huonekana kwa mbali. Bogonvilia nayo ni ya tabia hiyo: ukiimwagilia kila jioni wakati wa kiangazi, inakupa majani. Ile rangi yenyewe si petali, bali ni majani yaliyogeuka. Ua halisi ni kile kijineli cheupe katikati.

Mwisho wa mwaka ni zamu ya mkrismasi (Delonix regia), mti uliotoka Madagaska, unaotandaza mwavuli mwekundu kuanzia takriban Novemba. Jakaranda, mgeni kutoka Amerika Kusini, hutangulia kidogo, lakini hung'aa zaidi nyanda za juu kama Arusha na Nairobi kuliko kwenye joto la pwani.

Pengo kubwa huwa ni wakati wa mvua, na hapo miti haitoshi. Panda mimea ya kudumu inayojificha ardhini. Scadoxus multiflorus hulala kama kitunguu msimu mkavu wote, kisha mvua za kwanza zikinyesha husukuma juu mpira mwekundu wa maua. Gloriosa superba hupanda uzio kwa ncha za majani yake na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano. Ni sumu, hasa kiazi chake, hivyo usiipande panapochezea watoto.

Maua yakipungua, majani na harufu vishike zamu. Majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, mara nyingi mara mbili kwa mwaka. Asumini karibu na dirisha hunukia jioni, na mlangilangi uliopogolewa usirefuke sana huchanua karibu miezi yote.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakibebi vyote hivi. Kinatosha mti mmoja mkubwa, vichaka vitatu au vinne na mimea ya chini inayokaa kivulini. Mkrismasi uwe mbali na ukuta na shimo la maji taka, angalau mita nane, kwa sababu mizizi yake hutambaa juujuu na kwa upana. Kabla ya kwenda kitaluni, andika miezi 12 kwenye karatasi na ujaze kila mmoja jina la mmea. Mwezi uliobaki wazi ndio uende kuununulia, hata kama mche wake leo hauna ua hata moja.

Panda masika yanapoanza, weka matandazo, na umwagilie kiangazi cha kwanza mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo, mimea inayopenda ukame uiache ipate kiu.