Jua na Ngozi, Sehemu ya Pili: Shati Kabla ya Losheni

Wiki iliyopita nilieleza miale ya urujuanimno na jinsi inavyoidhuru ngozi. Leo ni zamu ya kinga. Kati ya nguo na losheni ya kukinga jua, ipi ibebe mzigo mkubwa kila siku? Jibu langu ni nguo, na nalitoa nikiwa na Taita Taveta akilini.

Voi iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa, na hata Juni halishuki sana. Kilele chake hapa ni kama saa sita na nusu, na saa za kujihadhari ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Walio milimani Wundanyi huona haya ni mambo ya watu wa tambarare, kwa kuwa kwao kuna baridi. Lakini baridi haipunguzi urujuanimno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila unapopanda mita 1000, miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, na kilele cha Vuria kina mita 2,208. Ukungu mzito huizuia kwa kiasi, ila wingu jepesi huipitisha karibu yote. Mkulima wa mboga anayevua sweta saa tano kwa sababu kumetakata anachomwa bila kuhisi joto la kumwonya.

Sasa tuitazame losheni. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya losheni, iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa mtu mzima anayejipaka mwili mzima, hiyo ni kama mililita 30, kwa hiyo chupa ya mililita 100 inakwisha kwa kupaka mara tatu tu. Hakuna anayepaka hivyo. Wengi hupaka nusu ya kiasi hicho au chini yake, na kinga hupungua pamoja na kipimo. Kisha inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho. Mfikirie mkata mkonge wa Mwatate, au mama anayeuza ndizi na nyanya sokoni Taveta. Vumbi jekundu limemganda mikononi na jasho linamtiririka. Ataosha mikono wapi, na kwa maji gani, ajipake upya mara nne kwa siku?

Shati la mikono mirefu halina masharti hayo. Linavaliwa alfajiri na linafanya kazi mpaka jioni. Kinga ya kitambaa hupimwa kwa kipimo kiitwacho UPF, ambacho Australia na New Zealand ziliwekea kiwango rasmi mwaka 1996. UPF 50 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya 50 ya miale hupenya. Nguo za namna hiyo huuzwa ghali, lakini si lazima uzitafute. Jinzi na khaki nzito huvuka kiwango hicho bila lebo yoyote. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba ndiyo dhaifu: mara nyingi haifiki hata 10, na ikilowa jasho hushuka zaidi. Leso iliyochakaa nayo ikunjwe mara mbili kabla ya kujitanda kichwani. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: inua kitambaa mbele ya mwanga, na ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi, ujue miale nayo inapenya.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa joto. Hapo chagua kitambaa kilichofumwa kwa kushikamana, lakini nguo yenyewe iwe pana ili upepo upite. Rangi iliyokolea huzuia zaidi, ila ufumaji una uzito kuliko rangi.

Nguo ina mipaka: uso, masikio, midomo, shingo, mgongo wa kiganja. Chepeo huacha masikio na kisogo wazi, kwa hiyo kofia iwe na ukingo wa sentimita 7 au zaidi pande zote. Sehemu zinazobaki ndizo za losheni, na kwa eneo dogo namna hiyo chupa moja hukaa muda mrefu.

Kwa wenye ualbino, hesabu hii ni ya uhai. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 nchini. Bila melanini ya kutosha, yaani rangi ya asili inayoikinga ngozi, saratani ya ngozi huwaandama tangu ujanani, hasa kichwani na shingoni. Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia losheni kwa zaidi ya miaka kumi, na ng'ambo ya mpaka wa Holili, mjini Moshi, hutengenezwa Kilisun, losheni iliyoundwa kwa ajili yao. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini losheni huisha kabla ya mgao mwingine, na mtoto mwenye ualbino anapelekwa shule kwa shati la mikono mifupi, akaambiwa avue kofia gwarideni. Mwalimu mkuu akiruhusu mikono mirefu na kofia, hatumii hata shilingi ya bajeti. Mafundi wa kushona tunao: huko Rukinga karibu na Maungu, kampuni ya SOKO Kenya, iliyoanzishwa 2009, inashona nguo za kuuzwa ng'ambo, na kila soko lina mafundi cherehani.

Wenye ngozi nyeusi tuna kinga ya asili, hivyo tusitishwe tukanunue losheni za bei ghali kwa hofu ya saratani. Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, kwetu huota zaidi kwenye nyayo, ambako jua halina hatia. Kagua nyayo zako. Anayesumbuliwa na madoa meusi usoni ndiye atakayefaidika na losheni, hasa yenye rangi ya ngozi, kwa kuwa oksaidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida.

Ukiinunua, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana joto huiharibu. Sehemu ya tatu itahusu macho na miwani.