Injini imekufa na oda za watu unazo: utengeneze au ununue nyingine?

Wenzangu wa kuuza mtandaoni, leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo. Naongelea injini. Kama mzigo wako unaletwa na gari lako mwenyewe, iwe pick-up, Canter au hata bajaji ya mizigo, kuna siku itazima ukiwa umeshapokea hela za watu, na fundi atakuuliza swali moja tu: tutengeneze hii au utafute nyingine?

Mimi niko Kasulu. Nauza maharage na asali kwa WhatsApp na Instagram, na mzigo mwingi nautoa vijiji vya Kibondo. Barabara kubwa sio tatizo, tatizo ni njia za kuingia vijijini wakati wa mvua. Ndiyo maana nina Land Cruiser pick-up ya zamani, yenye ile injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Ni injini ngumu, mafundi wengi wanaijua na spea zake zinapatikana. Lakini ukiinyima maji inakufa kama nyingine yoyote.

Siku yenyewe dereva alikuwa anatoka Kibondo na gunia za maharage. Jioni akanipigia.

"Dada, gari imechemsha. Mshale umepanda mpaka mwisho."

"Umefika wapi?"

"Nimeshavuka Malagarasi, naitafuta Makere."

Mimi akili yote iko kwenye basi la alfajiri, wateja wa Mwanza na Dar wanasubiri. Nikamwambia, "Ongeza maji, jikaze ufike." Alijikaza. Gari lilifika Kasulu likivutwa na lori. Nilimlaumu dereva siku mbili nzima, mpaka nilipokubali kwamba amri ilitoka kwangu.

Asubuhi tukachomoa stiki ya oili. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo maana yake maji yameingia kwenye oili, na ukiona hivyo usiwashe tena hata kwa kujaribu, kwa sababu oili yenye maji inakula bering za krenki.

Fundi wa kwanza hakuchukua hata dakika tano. "Hii imeshakufa, tafuta used. Kuna jamaa yangu anayo." Bei: milioni 9.5. Nilitaka kukubali, nisidanganye. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na mtu akishachanganyikiwa anapenda jibu la haraka.

Shangazi akanipeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Itakuwa shilingi ngapi?"

"Marahaba. Binti yangu, sijafungua. Nikikutajia bei sasa hivi, nitakuwa nimekutajia uongo."

Alitaka 120,000 ya kufungua na kukagua tu, nitengeneze nisitengeneze. Naiona ile ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huo. Alianza chini, akafungua sampo akaangalia bering za krenki: zimeanza kuchafuka lakini krenki yenyewe haina michubuko. Kisha akatoa silinda hedi. Hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu, na imepinda. Kuta za silinda zilikuwa safi, huwezi kukwaruza kucha mahali. Kwa hiyo kilichokufa kilikuwa hedi na gasketi yake. Injini nzima haikufa.

Hesabu yake: hedi nyingine, seti ya gasketi, bering, mkanda wa taimingi (ukishafika huko ndani unabadilisha tu, usisubiri ukatike), pampu ya maji, thamostati, kuzibua rejeta na ufundi. Jumla milioni 2.9, siku kama 16 kwa sababu ya kusubiri spea.

Sasa ile injini ya milioni 9.5. Nilipouliza vizuri nikaambiwa pampu ya dizeli ni pembeni, stata ni pembeni, usafiri kutoka Dar ni wangu (zaidi ya kilomita 1,000), na garantii inaishia siku itakapowaka. Pia namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini inabidi TRA warekebishe kumbukumbu, na muuzaji akupe karatasi za kuonyesha injini imetoka wapi. Jamaa wa jamaa hakuwa na karatasi. Kwa jumla ilikuwa inagonga milioni 11.

Hapa ndipo nilipokaa na daftari. Nikikodi gari, kila safari inanigharimu kama laki moja zaidi ya kutumia langu, hapo nimeshatenga ya tairi na oili. Nafanya safari nane kwa mwezi. Kwa hiyo gari langu linaniokolea laki nane kwa mwezi. Ukigawa, matengenezo ya milioni 2.9 yanajilipa chini ya miezi minne. Injini ya milioni 11 inajilipa karibu miezi 14. Nikamuuliza mzee swali moja: kwa ulichokiona mule ndani, itanifikisha mwaka? Akasema kama tukiondoa kilichoichemsha, itafika.

Na kilichoichemsha kilikuwa rejeta. Tulikuwa tunajazia maji ya mto miaka yote, imeziba nusu. Kama ningefunga injini ya milioni 11 kwenye rejeta ile ile, ningeiua nayo.

Mnisome vizuri, sisemi kutengeneza ndiyo sahihi siku zote. Konrodi ikishatoboa bloku, au krenki imekatika, hapo hakuna cha kuhurumia. Na kama silinda zote zingekuwa zimelika, bili ingekaribia bei ya injini nyingine na mimi ningeuza gari kama lilivyo, nikodi. Nilishakuwa na mtu wa kulichukua.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa wateja. Watu 11 walikuwa wameshalipa, jumla milioni 1.4 iko kwenye simu, na fundi anataka kianzio. Kidole kilinicheza. Ningeichukua, ningekuwa natengeneza gari kwa maharage ya watu. Niliwaandikia wote usiku ule: gari limeharibika, mzigo utachelewa siku nne, anayetaka hela yake aseme. Wawili wakataka, nikawarudishia kabla ya saa sita mchana. Waliobaki niliwakodia gari, faida ya oda zile ikaishia humo. Kianzio cha fundi nilikopa kwenye kikoba chetu. Mmoja wa wale wawili amerudi, sasa ananunua asali kila mwezi.

Hedi ilipofungwa, mzee aliwasha gari akaliacha lingurume saa nzima, rejeta ikiwa wazi, anaangalia kama maji yanatoa mapovu. Hayakutoa. Leo ni mwezi wa tisa. Hela ilirudi mwezi wa tano, sio wa nne, tairi mbili zilinizidi hesabu. Kwenye rejeta tunaweka kulanti tu, na dereva ana ruhusa ya kuzima gari popote mshale ukipanda, bila kunipigia kwanza.